Msifute Sehemu Yangu

Nilipokabidhi funguo za kabati la darasa, walimu vijana wa shule yetu ya Hamugembe waliniomba niwaandikie jambo la kuwasaidia kazini. Niliwauliza jambo gani. Mmoja alitaka nidhamu, mwingine mwandiko, mwingine namna ya kuzungumza na mzazi aliyekuja shuleni akiwa amekasirika. Hayo yote nilishayasema kwenye vikao, na hakuna aliyesikiliza kwa sababu chai ilikuwa imeshaletwa. Kwa hiyo nimechagua kuandika juu ya waraka wa pamoja wa mtandaoni, kifaa nilichokutana nacho mvi zimeshajaa kichwani, na juu ya msichana mmoja aliyenionyesha kazi yake hasa ni nini.

Nilianza kazi Muleba, kwenye shule ya kijijini juu ya kilima ambako ukisimama mlangoni mwa darasa unaliona ziwa mpaka macho yachoke. Siku ya kwanza niliingia Darasa la Tano na gauni nililoshonewa kwa harusi ya dada yangu. Nikaandika tarehe ubaoni, nikageuka, nikakuta watoto wote wamesimama. Walikuwa wanasubiri niwaambie wakae. Mimi sikujua. Tulitazamana hivyo mpaka mwalimu wa darasa la jirani, Mzee Laurian, alipochungulia dirishani na kusema, "Kaeni."

Huyo ndiye akawa mwalimu wangu wa kazi. Alikuwa na imani kubwa na insha za vikundi. Alikuwa akitandika karatasi ya manila sakafuni, watoto wanalala kifudifudi kuizunguka, wanaandika hadithi moja. Ukipita nje inapendeza. Ukisogea karibu unakuta mmoja anaandika, wa pili anamwambia cha kuandika, na waliobaki wanachomoa nyuzi kwenye sweta zao.

"Hao ni watazamaji wa mpira," Mzee Laurian aliniambia. "Kazi yako ni kuwaingiza uwanjani."

Tulijaribu kuzungusha kalamu kwa filimbi. Tulijaribu kukata manila vipande vipande kisha kuviunga kwa gundi. Kila mbinu ilisaidia kidogo, na hicho kidogo ndicho nilichohama nacho nilipoolewa Bukoba.

Miaka ya katikati naipita. Nilifundisha Kiswahili, nikafundisha na hesabu mwalimu wa hesabu alipokwenda likizo ya uzazi, na watoto wa mwaka ule wakikosea chenji sokoni mnisamehe. Vyeo navyo navipita, havitachukua nafasi.

Vishikwambi vilipofika shuleni tulivipokea kwa heshima zote: tulivifungia. Mwalimu Mkuu aliviweka kabatini ndani ya maboksi yake ili visiharibike, na kweli havikuharibika. Aliyevitoa ni Mwalimu Renatus, kijana aliyepangiwa kwetu moja kwa moja kutoka chuoni, mwembamba, mwenye kompyuta yake begani na swali moja la kila siku: "Kwa nini isiwe leo?" Mchana mmoja alinikalisha ofisini, akanipa kishikwambi, yeye akaenda kukaa na kompyuta upande wa pili wa chumba.

"Mama, andika neno lolote."

Nikaandika jina langu, Yunisi, kwa kidole kimoja.

"Sasa tazama."

Mbele ya jina langu yakaanza kutokea maneno ambayo sikuyaandika: *anapenda senene*. Nilikiweka kile kitu mezani haraka.

"Nani anaandika humu?"

"Ni mimi, Mama. Karatasi ni moja, tumo wawili."

"Na tukiandika kwa wakati mmoja?"

"Yanaingia yote."

Nilimfikiria Mzee Laurian na filimbi yake. Nikamwambia Renatus anifundishe kabla kengele haijalia.

Tulianza na Darasa la Sita. Vishikwambi vilikuwa vichache, kwa hiyo kila kikundi kilipewa kimoja. Renatus alifunga projekta ya zamani kwenye kompyuta yake, nami nikaleta shuka jeupe kutoka nyumbani tukalitundika ukutani. Kazi yenyewe ilikuwa kitabu cha darasa juu ya vyakula vya kwetu: kikundi hiki ndizi, kile senene, wengine kahawa, wengine dagaa. Kwa kuwa watoto hawakuwa na akaunti, waliingia kwa kiungo, na mtandao ule humpa kila mgeni asiye na jina lake jina la mnyama. Ukutani ikawa mbuga. Darasa lilicheka sana lilipoona kwamba Duma ni kikundi cha akina Edwini, ambao hawajawahi kumaliza kazi kabla ya kengele.

Somo la kwanza lilikuwa vurugu. Kila mtu aligundua kwamba anaweza kuandika kwa mwenzake, na baada ya hapo kwamba anaweza kumfutia. Ukurasa wa senene ulitoweka wote, wenyewe wakaanza kulia. Renatus alifungua kumbukumbu ya mabadiliko, akabonyeza mahali, senene wakarudi mpaka nukta ya mwisho. Msichana mmoja anayeitwa Jovitha, mwepesi wa ulimi, aliuliza kama inaweza kumrudisha na kuku wao aliyeibiwa.

Kwa hiyo haya ni ya kazini, yaandikeni pembeni. Mpe kila mtoto rangi yake ya maandishi, utajua nani anacheza na nani anaangalia. Weka sheria moja tu: humfutii mwenzako, unamwandikia maoni pembeni na unasubiri. Kiungo kiwekwe kwenye grupu la wazazi ili nyumbani waone. Na siku zote andaa somo lilelile kwa chaki, kwa sababu umeme wa mchana una mambo yake.

Sheria ile ya maoni ndiyo iliyomtoa Kabula. Alikuwa binti wa mvuvi wa dagaa, Masalu, aliyetokea upande wa Mwanza na kupanga chumba nyuma ya nyumba ya akina Jovitha. Darasani Kabula alikuwa kimya kiasi kwamba ukimwita jina wenzake wanageuka kutazama kama yupo. Kwenye waraka alikuwa mtu mwingine. Hakuandika mengi. Aliwauliza wenzake maswali. Kikundi cha senene kiliandika kwamba bibi anakaanga senene, Kabula akaweka pembeni: *Bibi huyu ana jina?* Kikundi cha kahawa kiliandika kwamba kahawa ni zao muhimu. *Nyumbani kwenu nani anaichuma?* Watoto walikasirika, kisha wakajibu, na kurasa zikaanza kuwa na watu ndani yake. Mimi nilikuwa nimefundisha insha tangu Kabula hajazaliwa, na kwenye insha hizo nilisahihisha nukta tu.

Baada ya likizo fupi, Kabula hakurudi.

"Wamehamia kisiwani, mwalimu," Jovitha alisema. "Baba yake anasema dagaa wamehamia huko."

Uhamisho haukuombwa. Simu ya Masalu haikupatikana. Wiki zikapita, na Mwalimu Mkuu akaanza kuzungumzia kumwondoa kwenye daftari la mahudhurio kama mtoro, maana utaratibu ndivyo unavyosema. Nilimwomba asubiri kidogo. "Mwalimu Yunisi," alinijibu, "nasubiri nini?"

Kikundi chake nacho kilikuwa kimekwama. Kabula aliacha aya nusu juu ya uanikaji wa dagaa, na hakuna kati yao aliyewahi kuanika hata mmoja. Jovitha aliamua waifute waanze upya. Nilikubali. Mchana ule tulikuwa tunaangalia wote kwenye shuka, aya imeshavikwa kivuli cha bluu, kidole cha Jovitha kiko njiani, ndipo juu ya ukurasa akatokea mnyama ambaye hakuwepo. Kiboko.

"Kiboko ni nani?" Renatus aliuliza.

Vikundi vikatazamana. Kila kimoja kilikuwa na mnyama wake. Kile kimstari cha Kiboko kilishuka polepole ukurasani, kikapita ndizi, kikapita kahawa, kikasimama chini ya aya ya dagaa. Yakaanza kutokea maneno, herufi moja moja.

*Msifute sehemu yangu.*

Jovitha akaandika: *Wewe nani*

*Kabula.*

Kelele zilizofuata zilimleta Mwalimu Mkuu mbio akidhani ni nyoka. Alipofika alikuta watoto wamesimama juu ya madawati wanalipungia mkono shuka. Kila kikundi kilikuwa kinaandika kwa pamoja, *uko wapi*, *unarudi lini*, *Edwini ameanguka kwenye kahawa*, mpaka ikabidi nichukue kishikwambi mwenyewe na kuomba utulivu kwa maandishi.

Kabula alieleza kwa vipande. Yuko kisiwani. Shangazi yake ana mgahawa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, yeye anaosha vyombo. Shule ipo lakini baba anasema hakuna haja ya kuanza kwa sababu dagaa wakihama nao watahama. Simu ni ya baba, ameweka laini nyingine. Baba huvua usiku na kulala mchana, na akishalala simu inabaki mezani. Kiungo kilikuwa kwenye ujumbe wa grupu la wazazi.

Mwalimu Mkuu alisoma yote akiwa amesimama mlangoni. Alipomaliza akasema, "Huyu si mtoro. Mtoro gani anakuja darasani kwa hiari yake?" Akaondoka.

Tukafungua ukurasa mpya mwisho wa waraka, tukauita Dawati la Kabula. Nilikuwa naweka humo maswali ya somo la siku, na wenzake wananakili ya ubaoni. Mchana, baba yake akishalala, Kiboko alikuwa anaingia na kujibu. Siku mtandao uliposumbua huko, majibu ya siku mbili yalifika yamechanganyika, sayansi ndani ya hesabu. Aya ya dagaa aliimaliza. Kikundi kilimuuliza pembeni, kwa mtindo wake mwenyewe: *Dagaa hawa nani anawavua?* Akaandika habari nzima juu ya baba yake.

Ikaendelea hivyo vizuri mpaka siku moja, katikati ya somo la viunganishi, Kiboko aliingia kwa herufi kubwa tupu. Watoto wamezoea kusoma kwa pamoja kila kinachotokea kwenye shuka, kwa hiyo darasa zima likasoma kwa sauti:

"Nani anakula bando langu!"

Nilikaa chini. Kisha nikaandika: *Habari za leo. Mimi ni Mwalimu Yunisi wa Hamugembe. Bila shaka wewe ni baba Kabula.*

*NDIYO. SHIKAMOO MWALIMU.*

"Marahaba," darasa likajibu kwa niaba yangu.

*KABULA ANAFANYA NINI HUMU*

*Anasoma,* niliandika. *Tafadhali panda juu, kwenye ukurasa wa dagaa. Soma alichoandika.*

Kimstari kikapanda. Tuliona kinaposimama. Pale Kabula alikuwa ameandika: *Anayevua dagaa hawa ni Masalu, baba yangu. Akirudi asubuhi macho yake ni mekundu kwa kukesha. Wenzake wanamwambia alale lakini anageuza dagaa kwanza, kwa mkono, kwa sababu reki inawavunja. Akianza kusinzia anaimba. Watu wanakula dagaa na hawajui kwamba waliimbiwa.*

Kimstari kilikaa hapo muda mrefu. Kisha Kiboko akatoka, bila neno, na hakurudi. Si siku ile, si wiki ile, si iliyofuata. Niliipata namba ya laini mpya kwa msaada wa wavuvi waliomjua, nikapiga, haikupatikana. Watoto walianza kuniuliza kila asubuhi, badala ya salamu. Jovitha alisema ni kosa letu, hatukupaswa kumwonyesha. Mimi mwenyewe nililala vibaya siku hizo, maana mtu akiona amesemwa mbele ya darasa zima anaweza kukasirika, hata akisemwa vizuri.

Jumapili, baada ya mazoezi ya kwaya, nilizungumza na Mama Jovitha. Jumamosi iliyofuata mimi na Renatus tulipanda basi mpaka Muleba, tukateremka ziwani, tukaingia boti ya injini pamoja na magunia ya mkaa na mkungu wa ndizi. Mimi ni mtu wa kibanja, wa migomba na kahawa. Ziwa nalipenda nikiwa nchi kavu. Koti la kuokolea nililopewa lilinifikia masikioni, na Renatus alinipiga picha ambayo naomba popote ilipo ifutwe, hata kama inaweza kurudishwa.

Mgahawa wa shangazi tuliupata kwa harufu. Kabula alikuwa nyuma yake, mikono ndani ya beseni. Alituona, akasimama, sahani ikamponyoka. Alinikimbilia akiwa na mapovu mpaka viwikoni na gauni langu likalowa lote mbele.

"Mbona ulituacha?" nilimuuliza.

"Simu, mwalimu," alisema. "Simu imekufa."

Baba yake aliamshwa. Masalu alikuwa mtu mkubwa, mpole, aliyetembea kama anaogopa kuvunja vitu. Alinisalimia kwa kuinama, akaagiza chai, akakaa anatazama meza.

"Nilidhani umetukasirikia," nilimwambia.

"Mimi?" Akashangaa kweli. "Mwalimu, nilikuwa nawasomea vijana wangu kwenye boti. Ile habari yangu. Nilishawasomea mara mbili, wakasema nirudie pale pa kuimba. Wimbi likapiga. Simu ikaenda majini."

Renatus alicheka mpaka akakohoa chai. Masalu naye akacheka, kisha uso wake ukatulia.

"Shule siikatai," alisema. "Nilidhani anacheza michezo, kumbe anasoma. Lakini mtoto wa kike nitamwacha wapi huko mjini? Chumba nimeshakirudisha."

Nilimwambia aliyosema Mama Jovitha, kwa maneno yake: kitanda cha Jovitha kinatosha wawili, waitu, jamani, na sufuria haitajua kama ameongezeka mmoja. Masalu aliijua ile nyumba, alishapanga nyuma yake. Alizungusha kikombe.

"Mimi nina huyu mmoja tu," alisema. "Mama yake hayupo. Nikitoka ziwani ndiye ninayemuona kwanza. Unaelewa, mwalimu?"

"Naelewa, baba."

Akamgeukia binti yake. "Wewe unataka?"

Kabula alitazama mikono yake iliyokuwa bado na sabuni. Nilitamani kumjibia, nikakumbuka kwamba nimelipwa maisha yangu yote kusubiri watoto wajibu wenyewe.

"Nataka," alisema. "Lakini nitakuwa nakuandikia. Kila siku ukiamka utanikuta humo."

Masalu alifuta uso kwa kiganja. "Basi ule ukurasa wa dawati msiufunge," aliniambia. "Nitanunua simu nyingine. Na hiyo nitaifunga kamba."

Kabula alirudi shule zilipofunguliwa, akaingia Darasa la Saba na wenzake. Dawati lake la mtandaoni likageuka la baba yake. Mchana akiamka alikuwa anakuta habari za shule, anajibu kwa herufi zake kubwa, anauliza maana ya kiunganishi. Vijana wake wa boti nao walianza kuandika salamu, na mmoja alimuuliza Renatus pembeni kama naye anaweza kufundishwa saa za mchana. Renatus alimjibu kwa lile swali lake la kila siku. Kitabu cha vyakula tulikichapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, kikakaa maktaba, na sijawahi kukikuta rafuni kwa sababu kila wakati kimeazimwa.

Watoto walifanya mtihani wa mwisho, nami nikastaafu. Walinipa kanga, kiti cha kukunja, na hotuba ya Mwalimu Mkuu ambayo ilikuwa fupi kuliko tulivyohofia.

Matokeo yalipotoka nilikuwa kibanjani napalilia. Renatus alinipigia akiwa na pumzi juu juu. Alinisomea Jovitha, akanisomea Edwini, ndiyo, hata Edwini, akanisomea Kabula. Nilikaa kwenye shina la mgomba palepale na jembe langu, nikaitafuta namba ya Masalu.

Alipokea akiwa mwaloni. Nilisikia injini, wachuuzi wakibishana, mtu akiita ndoo yake.

"Baba Kabula," nikasema, "binti amefaulu. Anakwenda sekondari."

Nikasikia ameishusha simu, akapaza sauti kwa watu wake, na baada ya hapo sikusikia injini wala wachuuzi, nilisikia watu tu, wengi, wanaume wanashangilia na wanawake wanapiga vigelegele, mtu anagonga ndoo kwa fimbo. Niliisogeza simu mbali na sikio. Ikachukua muda mpaka akarudi.

"Mwalimu, nimekuweka spika," alisema. "Rudia tena. Wa upande wa huku hawajasikia."

Nikasimama, nikasafisha koo, nikarudia kwa sauti ya darasani.